Ukitaka michoro ya mwambani idumu, anza na mpasua kokoto

Wengi wanaokuja kulinda malikale huku Uganda hutangulia na kibao na seng'enge. Nimeifanya kazi hii Teso na Bunyoro, na kijana anayeanza ningemwambia hivyo viwili avisubirishe. Kwanza aulize: nani anapata riziki hapa?

Chukua Nyero, wilayani Kumi. Michoro yake ya miviringo, myekundu na myeupe, imo tangu 1997 katika orodha ya maeneo ambayo Uganda inakusudia kuyapendekeza UNESCO. Lakini katika eneo hilo la Teso mwamba ni kokoto pia, na kokoto ni karo ya shule. Msomee mpasua mawe Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya 2023 (Museums and Monuments Act), atakusikiliza kwa adabu zote. Ukishapanda boda boda, ataokota nyundo. Kilichotusaidia ni kuzunguka naye mwamba kwa mwamba, pamoja na wazee wa koo na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tukakubaliana upi usiguswe na upi aendelee nao. Mpaka aliouweka mwenyewe anaulinda hata usiku.

Usiahidi watalii. Ni wachache, na ahadi isiyotimia inakufungia milango kwa miaka.

Usikataze ibada pia. Watu huenda Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya udongo, kuwaomba Bachwezi, watawala wa masimulizi ya kale wanaoabudiwa kama mizimu, na waombaji hao ndio wanaojua nani amelima juu ya mahandaki ya kale. Ukiwafukuza umebaki bila macho. Zungumzeni tu moto uwashwe wapi.

Kibiro, kando ya Ziwa Albert, ndiko nilikojifunza mengi. Wanawake wa pale huchuja udongo na kuchemsha chumvi katika viwanja wanavyorithishana mama kwa binti, kazi yenye umri wa karne nyingi. Kaa nao jikoni uone. Mkutano ukiwaita wanaume peke yao umewaacha nje wenye mali. Na Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda mjini Kampala, je? Baada ya moto wa Machi 2010, pesa peke yake zisingeweza kuezeka lile paa. Kazi hiyo kimila ni ya ukoo wa Ngeye, na ilibidi vijana wafundishwe upya. Mwaka 2023 makaburi hayo yaliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini.

Lugha nayo. Mimi Kiswahili ndicho changu, lakini kwa wazee wengi wa Uganda bado kinanuka kambi ya jeshi. Teso naanza na "yoga", salamu ya Kiteso, kisha mkalimani wa hapohapo kijijini ashike usukani.

Kiingilio kikianza kukusanywa, kiandikwe daftarini mbele ya watu, na daftari libaki kijijini. Nimeona kamati nzuri ikisambaratika kwa sababu daftari lilikuwa ndani ya begi la ofisa mmoja mjini.