Kombinatoriki katika muhula wa kiangazi: orodhesha kwa mkono kabla ya kugusa kanuni

Mleta mada, umeandika kwamba umejiandikisha kusoma kombinatoriki, yaani hisabati ya kuhesabu njia za kuchagua na kupanga vitu, katika muhula huu wa kiangazi huko Marekani, kwamba umeanza kukariri jedwali la kanuni nne ulilopewa na aliyekutangulia, na kwamba huna wasiwasi kwa kuwa somo halina kalkulasi. Achana na jedwali hilo leo hii. Mimi nilipita njia hiyohiyo na ndiyo iliyoniangusha katika mtihani wa kwanza, na katika muhula wa kiangazi mtihani wa kwanza ukikuharibikia hupati muda wa kujikomboa, kwa sababu mambo ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa wiki kama 15 hubanwa yakaingia katika wiki sita au nane.

Jedwali lako linauliza maswali mawili tu: je, mpangilio una maana, na je, kurudia kunaruhusiwa? Ukishajibu, linakukabidhi kanuni. Maswali hayo si mabaya, ila yanaliacha lile lililo kubwa kuliko yote, yaani kila kitu unachokihesabu umekihesabu mara ngapi. Chukua swali la aina inayopendwa sana na watunga mitihani: kuna wanawake 5 na wanaume 7, na inatakiwa kamati ya watu 4 yenye angalau mwanamke mmoja, je, kuna kamati ngapi? Mwenye jedwali atasema kwamba anamchagua mwanamke mmoja kwa njia 5, kisha anawachagua watu 3 kati ya 11 waliobaki kwa njia 165, anazidisha, na anapata 825. Hoja hiyo inasikika safi kabisa, na ndiyo niliyoiandika mimi. Lakini kamati zote za watu 4 zinazoweza kuundwa na watu 12, hata ukilifuta sharti la mwanamke, ni 495 tu! Kamati 330 za ziada zilitoka wapi? Jedwali halina mahali popote linapokufundisha kujiuliza hivyo.

Sasa lipunguze swali mpaka litoshe kwenye kiganja. Kuna wanawake wawili, Asha na Rehema, na mwanamume mmoja, Juma, na kamati ni ya watu 2. Kwa njia ileile utapata 2 mara 2, yaani 4. Ziandike zote: Asha kisha Rehema, Asha kisha Juma, Rehema kisha Asha, Rehema kisha Juma. Kamati ya Asha na Rehema imeingia mara mbili, kwa sababu kila mmoja wao aliweza kuwa yule mwanamke aliyechaguliwa mwanzo, kwa hiyo kamati za kweli ni 3. Ukishaliona jambo hili kwa macho yako, hutahitaji kuelezwa kwamba katika lile swali kubwa kamati yenye wanawake wawili ilihesabiwa mara mbili, yenye watatu mara tatu, na yenye wanawake watupu mara nne. Utaelewa pia kwa nini ni salama zaidi kuchukua kamati zote 495, kuondoa 35 za wanaume watupu, na kubaki na 460.

Ninachokasirikia hadi leo ni kwamba hakuna aliyenionyesha hayo mapema. Mshauri wangu wa masomo aliniambia kwamba ni somo la kuhesabu tu na kwamba naweza kuliunganisha na somo jingine zito, naye hakuwa amewahi kulisoma. Mwalimu wa ziada niliyemlipa kwa fedha niliyoitolea jasho alinipa jedwali kama hilo lako, akanifundisha kutafuta maneno ya kunasa ndani ya swali: ukiona "kamati" tumia hii, ukiona "foleni" tumia ile. Huko ni kumwibia mwanafunzi. Kugawa maandazi 10 yanayofanana kwa watoto 4 kuna njia 286. Kugawa vitabu 10 tofauti kwa watoto haohao kuna njia 1,048,576. Na neno "kugawa" ni lilelile katika maswali yote mawili. Lakini ukiandika mgawo wa maandazi mawili kwa watoto wawili utapata njia 3, ukiandika wa vitabu viwili utapata 4, na tofauti itakuwa imekukaa kichwani kabla hujagusa kanuni yoyote.

Kwa hiyo sharti langu kwako ni hili moja: usiandike kanuni kwa swali lolote kabla hujaorodhesha kwa mkono matokeo yote ya swali hilohilo likiwa dogo, na usiliamini jibu kubwa kama njia yake haitoi idadi uliyoiorodhesha. Utaona kwamba unachelewa, hasa wiki ya kwanza, wakati wenzako wanamaliza mazoezi kabla ya chakula cha mchana. Vumilia, kwa maana wakati wa mahusiano ya kujirudia (jibu la swali kubwa kupatikana kutokana na majibu ya swali hilohilo likiwa dogo) na kanuni ya kujumuisha na kuondoa (kujumlisha makundi, kisha kusahihisha yaliyohesabiwa zaidi ya mara moja) utafika haraka, na huko hakuna jedwali litakalokusaidia.

Anza usiku huu. Barua nne, A, B, C na D, zina bahasha zake nne, na kila barua inatakiwa iingie katika bahasha isiyo yake. Orodhesha njia zote. Zinapaswa kuwa 9. Fanya hivyo pia kwa barua tatu, utapata 2, na kwa barua mbili, utapata 1. Kisha jaribu kueleza kwa maneno, bila kanuni ya kitabuni, kwa nini 9 ni sawa na 3 mara jumla ya 2 na 1, ukianza kwa kujiuliza barua A imeingia bahasha ya nani na kama mwenye bahasha hiyo naye ameingia ya A. Ukipata maelezo, yatumie kwa barua tano. Jibu ni 44. Weka maelezo yako hapa chini nami nitayasoma.