Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Historia asome uzamili gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Songea, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Natamani kusoma shahada ya uzamili ya historia, lakini walimu wenzangu wanasema nitapoteza fedha bure, heri nisomee uongozi wa elimu ambao huenda ukanifikisha kwenye ukuu wa shule. Kuacha kazi siwezi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, wenzako wangekuwa na hoja iwapo ungekuwa unautaka ukuu wa shule, katika barua yako, hata hivyo, wanaoutaka ni wao.

Mzigo mkubwa wa uzamili wa historia ni tasnifu, na hapo ndipo makazi yako yanapokufaa kuliko unavyodhani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee kuhusu Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907, wakati ambapo baadhi ya walioviona kwa macho yao walikuwa hai. Mashuhuda hao hawapo tena, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na yamkini wamo miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wako. Jinsi wanavyosimulia nyumbani habari za viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani hapo Songea mwaka 1906, ikilinganishwa na jinsi wewe unavyozifundisha darasani, ni swali la utafiti ambalo mtu wa mbali angelifuata kwa nauli na gharama za malazi, ilhali wewe unaweza kulifuata jioni baada ya vipindi.

Kuhusu kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuhamia chuoni, nacho kina vituo mikoani. Anza kwa kuuliza huko. Likizo zako ziwekee safari ya Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, yanakohifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani. (Jiandae: mwandiko wa makarani wa enzi zile humtoa jasho hata anayekijua Kijerumani.)

Usilipe ada kabla ya kumwandikia mwajiri barua ya kuomba ruhusa, ukiipitisha kwa mkuu wa shule, wala usitegemee maneno ya mdomo kuhusu kupandishwa daraja: mwulize afisa utumishi wa halmashauri, naye akujibu kwa maandishi.

Hata kabla ya barua hiyo, andika ukurasa mmoja unaoeleza unataka kujua nini na utamwuliza nani. Ukishindwa kuujaza, ahirisha maombi hadi mwaka ujao.