Barua kwa mwanangu: Netflix iache, anza na laini

Mwanangu, marahaba. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza napepeta mchele sikushika kitu, ya pili nikakaa kitako kabisa. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye voisi huwa napotea njiani nakuta naongelea bei ya nazi.

Umeniuliza, eda imeisha, vyombo mmegawana na baba watoto, sasa haya mambo ya simu na intaneti mliyokuwa mnatumia pamoja unayatenganisha vipi na unaanzia wapi. Halafu mwishoni ukachomekea, ati emaili yake bado iko wazi kwenye laptopu ya hapo nyumbani na yeye hajui, uifunge au uiache tu, kuna ubaya gani. Hilo umelisema haraka haraka na kicheko juu yake, nikajua hapo ndo penyewe. Nitalifikia.

We unataka kuanza na Netflix kwa sababu watoto wakiwasha TV wanaliona jina la baba yao. Hiyo iache kwanza, jina kwenye TV halijamuua mtu. Anza na laini. Hiyo namba yako aliisajili yeye kwa NIDA yake, kipindi kile cha 2019 kwenda 2020 watu wanapanga foleni za alama za vidole na wewe una kichanga, ukaona afadhali akusaidie. Sasa kwa kampuni ya simu hiyo namba ni mali yake. Akienda dukani leo akasema laini imepotea akaweka kidole, anapewa nyingine, ya kwako inazima hapo hapo, na meseji za benki na zile namba za siri za kuingilia emaili zinatua kwake. Sisemi atafanya hivyo, baba watoto mimi simjui kwa ubaya wa aina hiyo, ila ufunguo wa mlango wako hausubiri mwenzio awe mwizi ndo uuombe.

Piga *106# uangalie kwa NIDA yako una laini ngapi, usishangae na wewe ukakuta moja yake iko kwako. Mkielewana nendeni wote wawili dukani mbadilishe umiliki. Akianza leo kesho leo kesho, usimbembeleze, sajili mpya kwa kidole chako mwenyewe, ila ya zamani usiitupe hata kama una hasira vipi, kwanza hamisha WhatsApp pale kwenye kubadili namba, toa hela zako, nenda benki wabadili, waambie shule, na ile Gmail yako ukaangalie namba ya kurudishia akaunti ni ya nani. Nakuhakikishia utakuta ni ya kwake. Na humo humo ndani angalia simu gani zimeingia, toa usizozijua, halafu ndo ubadili paswedi. Kwenye WhatsApp pia kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, vinaruhusiwa hadi vinne, isijekuwa kompyuta ya ofisini kwake inasoma unavyonisema mimi kwa dada yako.

Na LUKU, jamani. Kumbe umeme ukikata saa mbili usiku unampigia mtu mliyeachana akununulie akutumie zile tarakimu 20, watoto wamekaa gizani wewe unasubiri meseji ya mwanaume. Namba ya mita si iko hapo hapo ukutani? Iandike uweke kwenye simu yako ununue mwenyewe. Hata kama hela ni yake ya matunzo, aitume hela.

Sasa kuna vitu vya kukaa naye mkaongea, na ni vya watoto. Zile tableti zao umesema ziko kwenye familia ya Google aliyoifungua yeye, ndo anayeruhusu programu na masaa ya kulala. Akaunti ya mtoto haikai kwenye familia mbili, kwa hiyo mpange itabaki kwa nani, na atakayebaki nayo asiifanye rungu. Na ukitoka kwenye familia hiyo usikimbilie kuingia nyingine bila kufikiri, maana kuhamahama wanaruhusu mara moja tu ndani ya miezi 12.

Picha ndo usizembee kabisa. Miaka minane ya watoto iko kwenye akaunti yake, mpaka ile ya mkubwa siku ya kwanza ya shule na soksi moja. Mwombe aku-share albamu, halafu usiishie kuziangalia, zihifadhi kwako, maana ukiziacha kule siku akifuta zinapotea na kwako. Zile giga 15 za bure hazitatosha, lipia, punguza vitenge. Mwombe mapema wakati bado mnaongea vizuri, ukisubiri mpaka aoe utaona aibu kuomba.

Netflix basi nayo tumalize. Usimfute, toka 2022 wameweka namna ya mtu kuhama na profaili yake na vyote alivyokuwa anaangalia, ahame navyo. Akishatoka badili paswedi, bonyeza kutoka kwenye vifaa vyote, weka kadi yako. King'amuzi kibadilishwe jina na namba ya simu, hilo halichukui muda.

Haya, laptopu.

Hili sijawahi kukwambia. Mimi na baba yako tulikuwa na sanduku la posta hapa Tanga, funguo mbili, yake na yangu. Tulipoachana kadhi alimaliza mambo yake, tukagawana kitanda na cherehani, ufunguo hakuna aliyeukumbuka. Nikabaki nao. Kila Ijumaa nikitoka sokoni napitia posta, barua zangu nachukua, za kwake naziangalia bahasha narudisha. Siku moja nikakuta moja ya mwandiko wa kike. Nikaja nayo nyumbani, nikawasha jiko, nikaishika juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikaachia. Kumbe ilikuwa ya dada wa huyo mwanamke mpya, wanaulizana habari ya mahari na mwezi wa harusi, hata jina langu halimo. Nikaifunga kwa uji wa ngano, Jumatatu nikairudisha sandukuni. Siku tatu chakula hakipiti. Na unadhani niliacha? Niliendelea zaidi ya mwaka mzima, mwanangu, nilijua anadaiwa na nani, nilijua mke wake kashika mimba kabla ya mama yake mzazi kujua, na hakuna hata kimoja nilichoweza kukisema kwa mtu. Nilikuwa nimeachika lakini bado naishi kwa yule mwanaume. Mwisho nilimpa wifi yangu ule ufunguo, nikamdanganya kwamba nimeuokota kwenye droo.

Na mie ilikuwa Ijumaa kwa Ijumaa. Wewe hiyo emaili iko sebuleni, inalia kila saa.

Kwa hiyo usinijibu kwanza. Inuka, fungua hiyo laptopu, usisome hata kichwa cha meseji moja, bonyeza pale kutoka. Halafu mtumie meseji fupi tu, "emaili yako ilikuwa wazi kwenye laptopu, nimeifunga, badili paswedi." Atajiuliza ulisoma nini, mwache ajiulize.

Ukimaliza ndo unipigie. Unga wa muhogo nimeshaufunga, utakuja na basi la Jumamosi asubuhi, nitakutumia namba ya kondakta. Nikutumie kwenye laini ipi?

Mama yako