"Vali imefungwa": neno moja lililomwaga mafuta usiku kucha

Simu ililia saa tisa kasoro usiku. Ilikuwa 2016, mwezi wa Julai, na mimi nilikuwa nimelala nyumbani Mikindani, Mombasa. Aliyepiga ni opereta wa zamu ya usiku katika kiwanda cha mafuta ya kula nilichokuwa nikifanyia kazi, upande wa bara. Alisema tu, "Injinia, tangi la tatu linamwaga." Nilipofika, mafuta ya mawese yalikuwa yamejaa ndani ya ukuta mfupi unaozunguka matangi, rangi ya chungwa chini ya taa, na pembeni yalishaanza kuganda kwa kibaridi cha kusi.

Chanzo tulikipata kwenye kitabu cha zamu. Mchana wa siku ile fundi bomba wetu, mzee aliyekuwa pale kabla sisi wengine hatujamaliza shule, aliitoa vali inayoingiza mafuta kwenye tangi namba 3, akabadilisha gasketi, akairudisha mahali pake. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Vali ya tangi namba 3 imefungwa."

Kwa fundi, mashine hufunguliwa ikitengenezwa na hufungwa ikiwa tayari. Alichoandika ni kweli: vali imefungwa, bolti zimekazwa, kazi imekwisha. Opereta wa usiku alisoma maneno yayo hayo akaelewa kwamba vali imezibwa na mafuta hayapiti. Akawasha pampu kupeleka mafuta tangi namba 4. Vali ya namba 3 ilikuwa wazi kabisa.

Siku chache baadaye nilimwuliza fundi umeme, yeye akisikia "imefungwa" anaelewa nini. Akanijibu bila kufikiri: saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Nilikaa kimya kwa muda. Watu watatu, kiwanda kimoja, lugha yetu wenyewe tuliyonyonya nayo, na neno moja lina maana tatu, mbili kati ya hizo zinapingana moja kwa moja.

Lakini neno peke yake lisingemwaga mafuta. Tangi lilikuwa na sensa, yaani kifaa cha kupima kina cha mafuta, na kengele iliyopangwa ilie mafuta yakifika mita 5.5. Tangi lenyewe ni la mita 6. Kwa nini kengele haikulia? Sensa ile ilikuwa imebadilishwa miezi miwili nyuma. Ni ya aina inayokaa chini ya tangi na kupima mgandamizo wa kilicho juu yake, kisha kuugeuza kuwa urefu. Karatasi ya kuagizia ilisema "tangi la mita 6" na haikusema ndani kuna nini. Muuzaji akaipanga kwa maji, kama wanavyofanya wauzaji wasipoambiwa vingine. Mafuta ya mawese ni mepesi kuliko maji, uzito wake ni kama sehemu tisa kwa kumi. Piga hesabu mwenyewe: tangi likijaa hadi ukingoni, mita 6 kamili, kioo kinaonyesha mita 5.4. Kengele ya 5.5 isingeweza kulia hata siku moja. Tangi lingefurika kwanza.

Asubuhi ukaitishwa mkutano wa kumtafuta mkosaji, na mzee wetu akakaribia sana kupoteza kazi. Nilikuwa kijana katika mkutano ule na nilinyamaza zaidi ya nilivyopaswa, jambo linaloniuma mpaka leo. Maana nilipoyapanga matukio kwenye karatasi, niliona kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Fundi bomba alirudisha vali vizuri. Opereta alisoma kitabu kabla ya kuwasha pampu, kama anavyotakiwa. Muuzaji alileta sensa nzima. Fundi wa vipimo aliiunganisha bila kosa, na aliyepanga kengele alichagua namba ya busara. Tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi hatukuwa na manahodha wengi. Kila mmoja alikuwa nahodha wa ubao wake, na hakuna aliyekuwa na dhamana ya pale ubao mmoja unapokutana na mwingine.

Pale panapokutana vitu viwili ndipo ninapotaka wewe, unayeanza kazi ya viwandani, uelekeze macho yako. Mimi napaita maungio. Bomba na pampu, sensa na programu, zamu ya mchana na zamu ya usiku, ofisi ya manunuzi na muuzaji aliye ng'ambo. Taaluma inayoshughulika na jambo hili ni uhandisi wa mifumo, na wengi wetu tuliisikia chuoni tukadhani ni ya watu wa roketi. Kweli, watu wa roketi wameilea. Nao pia wameungua. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikiingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni, na programu iliyozipokea ilizisoma kama nyutoni, kipimo cha metriki. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja nyumbani kwake. Nilipokisoma kisa kile baada ya usiku wetu wa mafuta, niliiona sensa yetu iliyopangwa kwa maji.

Basi nitakueleza ninavyofanya sasa. Kila ungio ninalipatia karatasi yake, ukurasa mmoja tu. Inaandika nini kinapita hapo (mafuta, umeme, mvuke, taarifa), kwa kipimo gani, kuanzia wapi mpaka wapi, na upande mmoja ukifa, upande wa pili ufanye nini. Chini kuna sahihi mbili, ya mtu wa upande huu na ya mtu wa upande ule. Sahihi moja haitoshi. Mtu mmoja akiandika peke yake ataandika kile anachokidhania, na dhana ndiyo iliyotumwagia mafuta. Wawili wakikaa pamoja, swali la "mita 6 za nini?" hutoka lenyewe. Sensa ya kawaida hutuma mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Je, 20 maana yake ni mita ngapi, za kitu gani, na chenye joto gani? Swali hilo huchukua dakika tatu mezani. Sisi tulilijibu kwa sepetu na machujo ya mbao, siku mbili nzima.

Utayajuaje maungio yote? Hapa kuna chombo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kompyuta. Wahandisi wanakiita N2, na aliyekibuni ni Robert Lano alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya TRW huko Marekani katika miaka ya 1970. Chora mraba uliogawanywa visanduku. Kwenye mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, andika sehemu za mtambo wako. Kinachotoka katika sehemu husomwa kwenye safu yake ya ulalo, kinachoingia husomwa kwenye safu yake ya wima. Sehemu 7 zinakupa visanduku 42 vya maungio. Vingi vitabaki vitupu, na hilo ni sawa, lakini ni lazima kila kimoja kiwe kimeulizwa.

Mara ya kwanza nilichora juu ya katoni kubwa iliyofunguliwa, kutoka idara ya upakiaji, tukaitandaza sakafuni kwenye karakana. Nilikuwa nimejaza visanduku 15 na nikajiona nimemaliza. Opereta yule yule wa usiku akachuchumaa, akaitazama, akaweka kidole kwenye kisanduku kitupu. "Stima ikipotea na jenereta ikishika, hizi vali za umeme zinarudi vipi?" Hakuna aliyejua. Kila mtu wa Mombasa anajua stima hupotea, ila kwenye michoro yetu stima ilikuwa haipotei. Yeye ndiye aliyekuwa akibaki na mtambo gizani, kwa hiyo yeye ndiye aliyeliona. Tangu siku ile sijawahi kukubali kikao cha namna hiyo bila mtu wa zamu ya usiku, hata kama ni lazima alipwe saa za ziada kuja mchana.

Kuhusu vitu vya chuma niseme kwa ufupi, kwa kuwa maumivu yake ni yale yale. Chukua flanji, kile kisahani cha mwisho wa bomba chenye matundu ya bolti. Flanji ya inchi 4 ya Kimarekani, daraja la 150, ina matundu 8. Flanji ya Ulaya ya bomba la ukubwa huo huo, inayoandikwa DN100 PN16, nayo ina matundu 8. Ukiziweka mbali mbali zinafanana kama mapacha. Lakini duara la matundu kwenye moja lina kipenyo cha milimita 190.5, na kwenye nyingine milimita 180. Fundi akikwambia "flanji ya inchi nne" amekwambia nusu ya habari. Nimewaona vijana wakitaka kuyapanua matundu kwa moto ili bolti zipite. Usikubali. Agiza kipande cha kuunganishia, na safari ijayo andika aina ya flanji kwenye karatasi ya ungio kabla manunuzi hawajatuma oda.

Sasa nije kwenye watu, maana hapa ndipo vitabu vya kigeni vinapotuacha njiani. Vinasema: itisha kikao cha uhakiki, kila mtu atoe dosari za mchoro waziwazi. Jaribu hilo karakana ya Changamwe. Mzee wa miaka hamsini na tano amezungumza, kijana wa miaka ishirini na mitatu atamwambia amekosea mbele ya wasaidizi wake? Hathubutu, na malezi yetu yanamwambia asithubutu. Mimi siyaoni malezi hayo kuwa ubaya. Heshima ile ndiyo inayomfanya mzee akufundishe siri ya kazi ambayo hakuna mchoro unaoionyesha. Tatizo ni kwamba kikao kinamalizika kwa "sawa, sawa", na dosari inarudi nyumbani na aliyeiona.

Ninachofanya ni mambo mawili. Kwanza, nageuza mpangilio wa kuzungumza: mdogo kabisa huanza, mzee humalizia. Mdogo akizungumza kwanza hampingi mtu, bado hakuna kilichosemwa. Na simwulizi "kuna makosa?" Namwuliza, "Mtambo huu ukiharibika mwezi wa kwanza, kitakuwa nini?" Swali hilo halimgusi mtu, linagusa mtambo, na majibu hutoka kama maji. Pili, nikiwa na shaka na kazi ya mzee, simwendei kikaoni. Namfuata wakati wa kahawa, namwambia, "Babangu, hapa sijaelewa, nifahamishe." Mara nyingi kweli ni mimi nisiyeelewa. Pale ambapo si mimi, yeye mwenyewe huliona kosa akiwa katikati ya kunieleza, na hulirekebisha bila aibu kwa yeyote.

Jambo jingine ni mabadiliko yanayopita kwenye WhatsApp. Msimamizi anatuma ujumbe wa sauti saa moja jioni: "Hebu hiyo kengele ishusheni kidogo." Watatu wanasikia, wawili hawasikii, mwezi mmoja baadaye hakuna anayekumbuka "kidogo" ilikuwa ngapi. Sikatazi WhatsApp, ndiyo inayotuendesha. Ila kwangu badiliko halijafanyika mpaka karatasi ya ungio ibadilishwe na sahihi mbili zirudiwe. Mwanzoni watu walinuna. Nililazimika kumkatalia meneja mmoja mara mbili, kwa adabu, nikiwa nimesimama mlangoni kwake na karatasi mkononi.

Na ukiombwa kitu, uliza haja iliyo nyuma yake. "Tunataka pampu kubwa zaidi" ni jibu la mtu, haja yake hujaisikia bado. Niliwahi kuuliza nikagundua mafuta yalikuwa yakipoa njiani na kuwa mazito. Tulichohitaji ni kulivika bomba kitu cha kuzuia joto lisipotee. Haja ukishaipata, andika papo hapo itapimwaje siku ya kukabidhiana. Mkikosa namna ya kuipima, bado hamjakubaliana.

Mzee wetu hakufukuzwa. Nilipeleka katoni ile ofisini, nikaonyesha maungio matano ambayo hayakuwa na mwenyewe usiku ule, na mkubwa wetu, nashukuru, alikubali kuketi na kuisoma. Neno "imefungwa" tuliliondoa kabisa kwenye kitabu cha zamu. Sasa vali huandikwa "inapitisha" au "haipitishi", na mashine iliyotengenezwa huandikwa "imerudishwa". Mzee alilalamika wiki ya kwanza, akasema tunamfundisha Kiswahili uzeeni. Wiki ya pili nilifungua kitabu nikakuta mwandiko wake: "Vali namba 3 nimeirudisha. Inapitisha. Nimemwonyesha kijana wa usiku kwa macho yake, na yeye ametia sahihi hapa chini."