Anayehesabu Risasi ni Nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama wananchi waingie barabarani polisi wanapomuua mtu kwa risasi, au watulie waiachie mahakama ifanye kazi yake. Mimi nasema waingie. Hapa kwetu Kenya, faili ya mtu aliyeuawa na polisi haitembei yenyewe. Inasukumwa, na anayeisukuma mara nyingi ni umati.

Tazama yaliyotokea Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kumhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Akaletwa mpaka Nairobi, na usiku wa kuamkia Juni 8 akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na alama za kipigo sehemu nyingine za mwili. Vijana wakajaa barabarani. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa habari ile ya ukuta. Maafisa wa polisi wakashtakiwa. Sijui mtu anayeamini kwa dhati kwamba hayo yote yangetokea ndani ya mwezi mmoja kama nchi ingekaa kimya ikingoja ripoti.

Wanaopinga maandamano wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Juni 17, katika maandamano hayo hayo ya kumdaia haki Ojwang, Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akichuuza barakoa mjini, alipigwa risasi ya kichwa na polisi kwa karibu sana. Aliaga dunia Juni 30 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Basi watu husema: mnaona? Mmelilia maiti mmoja mkapata wawili. Mwaka mmoja kabla, Juni 20, 2024, Rex Masai aliuawa kwa risasi jijini katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, na siku tano baadaye umati mkubwa zaidi ulipofika Bungeni, wengi wakaanguka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliorodhesha vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya kila mwaka ya Saba Saba, hesabu ya tume hiyo ilifika vifo 38. Kule Kiambu msichana wa miaka 12 aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya nyumba yao. Yeye hakuandamana popote.

Huo ni mnyororo wa kutisha na mzazi anayemzuia mwanawe mlangoni simlaumu hata kidogo. Lakini mauti katika kila pete ya mnyororo huo yametoka kwenye bunduki, na bunduki ya serikali ina mwenyewe. Kariuki hakuuawa na bango. Ukisema maandamano ndiyo yaliyomuua, umemwondolea lawama aliyefyatua, na kesho atafyatua tena akijua kwamba mjadala wa nchi utakuwa juu ya waandamanaji.

Na hapo ndipo mjadala wetu hupotea kila mara. Mtu akiuawa leo, kesho asubuhi redioni tunauliza nani aliwalipa vijana, nani alivunja maduka, mbona hawakuwa na kibali. La kibali nilimalize upesi: Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wapewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Hakuna mahali inaposema uombe ruhusa.

Swali la nani alivunja maduka linanihusu mimi binafsi. Nina duka dogo la vifaa vya simu katikati ya jiji la Nairobi, na Juni 25, 2025 lilivunjwa. Waliingia wakabeba chaja, betri, spika, hata kiti cha plastiki nilichokuwa nikikalia. Bima yangu ilikuwa ile ya kawaida ya moto na wizi, na wafanyabiashara wenzangu wanajua kwamba ghasia za aina hii hazimo mpaka ulipie nyongeza yake. Kwa hiyo hasara ni yangu yote, na deni la bidhaa zile ninalo bado. Nawachukia walioniibia. Ningependa wakamatwe mmoja mmoja, washtakiwe, wafungwe. Wengine walikuja wamekodiwa, hilo tuliliona kwa macho yetu mchana kweupe: wahuni wenye rungu na mijeledi wakitembea bega kwa bega na polisi wiki moja kabla, siku ile ya Juni 17, wakiwacharaza vijana waliokuwa wameshika simu na chupa za maji.

Lakini kuna jambo linaloniuma kupita wizi wenyewe. Duka langu limefanywa sababu ya kuua. Siku moja baada ya maandamano ya Juni 25, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliwaambia polisi wampige risasi yeyote atakayesogelea kituo cha polisi. Baadaye alisema alieleweka vibaya. Julai 9 Rais William Ruto mwenyewe akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha kortini. Walisema hayo kwa jina la watu kama mimi. Sikuwatuma. Hakuna betri ya simu katika rafu zangu inayofaa kubadilishwa na mguu wa mtoto wa mtu, na kila aliyewahi kushika bunduki anajua kwamba katikati ya umati unaokimbia risasi ya mguu haiendi mguuni.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko viongozi wanaoitaja. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema silaha ya moto itumike tu pale njia zisizo na ukali huo zimeshindwa, kwanza kabisa kuokoa maisha ya polisi au ya mtu mwingine. Ulinzi wa mali umetajwa, ndiyo, lakini chini ya sharti hilo hilo. Polisi anapaswa kujitambulisha na kutoa onyo ambalo mtu anaweza kulisikia na kulitii. Akifyatua, lazima aripoti kwa mkubwa wake hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, tunayoiita IPOA, iarifiwe. Na kusema "niliamriwa" hakumwokoi aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Sasa fuateni risasi moja kwa makini, maana nadhani jibu la swali lenu limejificha humo. Polisi haamki nyumbani na bunduki yake. Anapoanza zamu anaichukua kwenye ghala la silaha la kituo, na daftari linaandikwa: bunduki nambari fulani, risasi kadhaa, jina, saini. Anapomaliza anarudisha, na zile risasi zinahesabiwa. Kwa maneno mengine, jioni ya siku ambayo mtu ameuawa mjini, kuna kitabu mahali fulani kinachojua ni nani aliyetoka na risasi thelathini akarudi na ishirini na nane. Ganda la risasi lililobaki kwenye lami na risasi iliyotolewa mwilini vinaweza kulinganishwa na bunduki ile. Hiyo si kazi ya miaka saba. Ni kazi ya majuma machache, ikiwa anayeifanya anataka kuimaliza.

Tatizo ni mikono inayoshika ushahidi huo. Daftari liko kwa polisi. Kitabu cha matukio ya kituo, OB, kiko kwa polisi. Maabara ya kuchunguza silaha iko chini ya idara ya upelelezi, ambayo ni polisi. Aliyefika kwanza pale mtu alipoanguka ni polisi, na ndiye aliyeamua kama ganda la risasi liokotwe au lisombwe na maji. IPOA ina sheria nzuri na wapelelezi wake, lakini inalazimika kubisha hodi kwa mtuhumiwa ikiomba karatasi. Ongeza wale wanaokuja kazini wakiwa wamevaa kofia za kuficha nyuso, bila sare, ndani ya magari yasiyo na nambari za kutambulika. Mahakama Kuu ilishaamuru kwamba polisi wanaoshughulikia maandamano wawe na sare na watambulike. Siku ya Saba Saba ya 2025 tume ya haki bado ililalamika kuona watu wa aina hiyo mitaani.

Kulikuwa na dawa ya jambo hili. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo: ofisi ya kuchunguza vifo vya ghafla na vya mkono wa mtu, nje ya jeshi la polisi. Sheria ikasainiwa, ikawekwa kabatini. Miaka imepita, vifo vimepita, na ofisi hiyo haijaanza kazi. Ni ajabu kwangu kwamba katika mabishano yote ya televisheni kuhusu maandamano, jina la sheria hiyo halitajwi, si na upande wa serikali wala, nasikitika kusema, na wengi wa upande wetu.

Wanaosema "waachieni mahakama" waitazame Kisumu. Mtoto wa miezi sita, tunayemkumbuka kama Baby Pendo, alipigwa na polisi ndani ya nyumba ya wazazi wake Agosti 2017, katika msako wa baada ya uchaguzi, akafa. Februari 2019 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho alisema polisi ndio waliohusika. Mashtaka yakaidhinishwa Oktoba 2022. Miaka mitano tangu mazishi mpaka hati ya mashtaka, na hapo kesi ndiyo kwanza inaanza. Siwalaumu mahakimu. Mahakama hula kile ilicholetewa mezani, na ikiwa daftari la silaha limepotea, shahidi amehama mtaa kwa hofu, na maiti alizikwa bila kupasuliwa, itaamua nini?

Kwa hiyo kazi ya maandamano, kwa maoni yangu, ni kulinda ushahidi usife. Kariuki ana kesi kwa sababu kamera ilikuwepo na kwa sababu maelfu ya watu waliitazama ile picha usiku ule ule wakakataa kulala. Polisi anayeshukiwa alikamatwa na baadaye kushtakiwa kwa mauaji. Kama ana hatia ni mahakama itakayosema. Wengi wa wale 60 wa 2024 hawakuwa na picha iliyo wazi hivyo, na kesi zilizofika kortini ni chache mno. Serikali nayo inaijua nguvu ya picha. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Mwenye kusema maandamano hayajawahi kuzaa kitu nchini humu amesahau haraka. Juni 26, 2024 Rais alikataa kusaini Mswada wa Fedha. Julai 11 akalivunja baraza la mawaziri. Julai 12 Inspekta Jenerali Japhet Koome akajiuzulu.

Wanangu mnaoandamana, nanyi nawaomba mambo machache, kama mzee mwenye duka. Pelekeni barua ya taarifa kwa mkuu wa kituo na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Barua hiyo inamfanya yeye, kwa jina na cheo, awe anajua mtapita wapi na saa ngapi, na watu wakiuawa njiani hataweza kusema alishtukizwa. Msisogelee vituo vya polisi. Mnampa mwenye kidole chepesi kisingizio anachokitafuta. Mkimwona mtu anainama kwenye mlango wa duka akiwa na nondo, mpigeni picha uso na mjitenge naye. Picha ya tukio la risasi msiitume tu kwenye makundi ya WhatsApp, ambako inapungua ubora na kupoteza saa yake. Hifadhini ile ya asili kwenye simu iliyoipiga, mkaipeleke IPOA.

Kwa familia, neno gumu zaidi. Kuna wanaotaka kumsitiri marehemu wao siku hiyo hiyo, na ndugu zetu Waislamu wana wajibu wa dini katika hilo. Lakini maiti akizikwa bila upasuaji, shahidi mkuu wa kesi amezikwa naye. Shirika la IMLU, linalowatetea waathiriwa wa mateso, limekuwa likisaidia familia kupata daktari wao wa kusimama mezani pamoja na wa serikali, na upasuaji ukipangwa alfajiri mazishi yanaweza kuwahi jioni. Ombeni hivyo mapema, kabla ya hofu na uchovu kuamua kwa niaba yenu.

Agosti 2025 Rais alitangaza mpango wa kuwalipa fidia waathiriwa wa maandamano tangu 2017. Mimi, niliyepoteza bidhaa, naona familia za waliouawa zitangulie mbali sana mbele yangu kwenye foleni hiyo. Hata hivyo hundi isiyoambatana na jina la aliyefyatua inamwacha kazini, na bunduki ile ile inaendelea kusainiwa kila zamu.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na wagombea wameshaanza kupita mitaani kwetu kusalimia wafanyabiashara. Atakayeingia dukani kwangu nitamuuliza lini Sheria ya Wachunguzi wa Vifo ya 2017 itaanza kufanya kazi, na katika bajeti ya mwaka gani. Nawaomba wasomaji wenzangu wenye maduka, vibanda na matatu wamuulize hivyo hivyo.

Msomaji wenu,
Mfanyabiashara, Nairobi