Intavyu za uhandisi wa programu ukiwa Mombasa: jibu kwa mwenzetu wa Kisauni

Mwenzetu amemaliza masomo ya kompyuta pale Tudor, anakaa Kisauni, na kampuni moja ya Nairobi imemwita kwa intavyu: kwanza mtihani wa mtandaoni, halafu mahojiano mawili kwa video. Anauliza asome algoriti zipi, yaani zile hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta. Mimi dada yenu nimekaa upande wa kuulizwa, na siku hizi kazini huketishwa upande wa kuuliza pia, kwa hivyo mnivumilie kwa urefu.

Algoriti kwanza, maana ndilo swali lenyewe. Usijichoshe, mdogo wangu. Shika njia za kupanga data: safu (array), jedwali la hashi (hash table, linalokupa kitu kwa ufunguo wake bila kupekua orodha nzima), rundo (stack), foleni (queue), na namna ya kuupitia mti na grafu. Uweze kueleza kwa nini mzunguko ndani ya mzunguko unakula muda wa O(n²), yaani data ikiongezeka mara mbili muda unaongezeka kama mara nne, na vipi jedwali la hashi linaweza kuushusha hadi O(n), muda unaokua sawa na data. Kwa kazi ya mtu anayeanza, hapo umejitosheleza. Ukikutana na mtu wa kukuuliza Mombasa nzima ina tuktuk ngapi, jibu kwa utulivu lakini usimhofu. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza muda tu. Huku kwetu bado wapo wanaoyapenda.

Kinachowaangusha vijana wetu, kwa nilivyoona, ni kimya. Tumelelewa hivi: mkubwa akikuuliza, unatulia, unafikiri, unajibu kwa adabu, wala humrudishii swali. Kwenye intavyu hizi adabu hiyo inasomwa vibaya. Anayekuuliza ana fomu mbele yake, na mna sehemu ya kuandika namna unavyofikiri. Ukichapa msimbo kimyakimya, sehemu hiyo haijazwi hata jibu lako likiwa sahihi. Nimekaa kwenye jopo ambapo kijana mmoja alimaliza swali lake vizuri, hakutoa neno. Mwenzake hakumaliza, ila aliuliza: orodha inaweza kuwa tupu? Namba hasi zimo? Imeshapangwa, au niipange mwenyewe? Wakamchukua huyo wa maswali. Nilimtetea yule wa kwanza nikashindwa, na hadi leo naona jopo lilikuwa na haki nusu tu.

Dawa yake ni kufanya mazoezi kwa sauti. Mtafute mwenzako, nendeni hata pale Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa karibu na Fort Jesus, mmoja aulize na mwingine aeleze huku anaandika. Anzeni kwa Kiswahili. Fikra ikishanyooka, irudieni kwa Kiingereza, kwa sababu intavyu yenyewe itakuwa kwa Kiingereza.

Sasa swali ninalolipenda mimi, na ambalo kampuni yoyote ya Kenya inayopokea pesa mtandaoni inaweza kukuuliza: mteja analipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, nieleze kinachotokea. Wengi husema, "Natuma STK, analipa, naandika amelipa." STK ni ule ujumbe unaomtokea mteja kwenye simu ukimtaka aweke PIN. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Jibu la papo kwa hapo kutoka Daraja linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwenye seva yako, mteja akishaweka PIN au akishakataa. Je, seva yako ikiwa imelala wakati huo? Je, matokeo yakija mara mbili? Anayejua kazi ataniambia kwamba ameihifadhi oda ikiwa "inasubiri", pamoja na CheckoutRequestID yake, namba ambayo Daraja hulipa kila ombi. Kwamba namba ya risiti haiwezi kuingia mara mbili kwenye hifadhidata. Na kwamba kimya kikizidi, anaiuliza Daraja hali ya malipo badala ya kubahatisha. Akiongeza kwamba kwenye matokeo hayo ResultCode 0 ni malipo yamepita na 1032 ni mteja ameghairi, najua huyu ameshika kitu kwa mkono wake. Hayo hayamo kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya maswali ya intavyu.

Kazi ya kupeleka nyumbani: kitu cha jioni moja au mbili, fanya. Wakikuagiza mfumo mzima wenye malipo, ripoti na programu ya simu, uliza kama wanalipia. Wengine wanatafuta mtu wa bure.

Stima na mtandao unavijua. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini bado utakatikiwa katikati ya sentensi. Laptopu iwe imejaa chaji, simu iwe na bando la kampuni nyingine, na mwanzoni kabisa mwambie anayekuhoji kwamba ukipotea utarudi kwa simu. Wakitaka uende mwenyewe, uliza nauli kabla ya kupanda basi. Mimi niliwahi kusafiri usiku kucha, nikafika mapokezi nikaambiwa nafasi imeshajazwa. Treni nayo inakushusha Syokimau, si katikati ya Nairobi, basi hesabu na muda huo.

Kwa kampuni za Marekani, angalia saa. Saa nne asubuhi ya San Francisco ni saa mbili usiku hapa kwetu, lakini kuanzia Novemba hadi Machi ni saa tatu, kwa kuwa wao hurudisha saa nyuma na sisi hatugusi.

Halafu mshahara. Wakikutajia kiasi, uliza ni kabla ya makato au baada. Ukiajiriwa hapa kuna PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5. Kampuni ya nje ikikuchukua kwa mkataba wa huduma, kwa kawaida haikukatii chochote. Kodi unaipeleka mwenyewe KRA, mamlaka ya kodi, kwa hivyo kiasi hicho usikilinganishe na mshahara wa Nairobi mpaka utoe hesabu hiyo.

Ukitaka tulifanyie mazoezi lile swali la Daraja kwa sauti, niandikie inboksi. Jumamosi baada ya adhuhuri huwa nina nafasi.