Kabla ya kukariri vipokezi, mwangalie fangasi amevaa nini

Wadogo zangu mnaoanza maabara mwaka huu hapa Dodoma, karibuni. Vumbi na upepo mtavizoea. Orodha ya vipokezi vya seli za kinga, yaani protini za juu ya seli zinazomshika mgeni, ndiyo itawasumbua: Dektini-1, Dektini-2, kipokezi cha manosi, TLR2, CR3, na ndugu zao. Mimi niliikariri yote wiki ya kwanza, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, na haikunisaidia kitu. Nilianza kuelewa siku nilipoachana na seli nyeupe nikamchunguza fangasi mwenyewe.

Chukua Candida albicans, yule wa utando mweupe mdomoni mwa vichanga na wagonjwa walioshuka kinga. Ukuta wake una tabaka. Nje kuna manani (kwa herufi ndogo, tafadhali), chini yake beta-glukani, ndani zaidi kitini, zote minyororo ya sukari. Mwili wetu hautengenezi beta-glukani, kwa hiyo seli ya kinga ikiigusa inajua kaingia mgeni. Dektini-1 ndiyo yenye kazi hiyo. Ilitambuliwa kuwa kipokezi cha beta-glukani mwaka 2001. Ila mjanja huyu ameifunika beta-glukani kwa manani, na inachungulia zaidi kwenye kovu, pale chipukizi lilipoachana na mama yake.

Hapo ndipo nilipoaibika. Nilichemsha kandida ili niwe salama, nikaichanganya na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zikaidaka kwa wingi mpaka nikaenda kwa mwalimu meno yote nje. Akauliza neno moja tu: "Uliichemsha?" Joto huvuruga tabaka la juu, beta-glukani ikabaki wazi. Ni sawa na kumvua mtu barakoa kisha ujisifu kwamba umemtambua. Tangu siku hiyo daftari langu linaanza na mstari huu: hai, imechemshwa, au imeuawa kwa dawa?

Sasa kushikana kwenyewe. Mvua zikianza, kata njia ya mkato kwenye majani uone kishona nguo. Kimoja unakipangusa huku unatembea. Vikiwa hamsini unakaa chini kwenye jiwe unachomoa kimoja kimoja. Kipokezi kimoja na sukari moja hushikana kilegevu hivyo hivyo, nguvu inatoka kwenye wingi. Ndiyo maana beta-glukani iliyoyeyuka majini inaweza kuigusa Dektini-1 bila kuiamsha sawasawa, lakini kipande cha ukuta huamsha seli nzima: vipokezi hujikusanya mahali pamoja, na vimeng'enya CD45 na CD148, vyenye tabia ya kuzima ishara, husukumwa nje ya eneo la mguso. Mimi hapa ndipo huwa narudia kusoma hata leo, kwa raha tu.

Kushika si kumeza. Msichanganye, mimi nilirudia hesabu za wiki mbili kwa sababu hiyo. Seli zikikaa kwenye barafu, nyuzi 4, hushika bila kumeza. Kwenye nyuzi 37 hufanya yote mawili, na hadubini haitakwambia nani yuko nje na nani yuko tumboni. Kama fangasi umempaka rangi ya kijani inayong'aa, ya FITC, ongeza tripani bluu, rangi nyingine: haiingii ndani ya seli hai, kwa hiyo huzima mng'ao wa walio nje tu.

Halafu tyubu za damu. Yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na EDTA hukamata kalsiamu. Dektini-2, DC-SIGN na kipokezi cha manosi hazishiki bila kalsiamu. Dektini-1 haina habari nayo. Komplimenti nayo haifanyi kazi humo, na hizo ndizo protini za damu zinazompaka fangasi ili CR3 ya neutrofili, seli nyeupe za damu, ipate pa kushika. Seramu, yaani maji yanayobaki damu ikiganda, itoke kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, na usiipashe nyuzi 56 kwa nusu saa isipokuwa umekusudia kuiua komplimenti ili ulinganishe. Neutrofili zifanyieni kazi siku hiyo hiyo. Damu iliyozunguka na bodaboda juani saa saba mchana, achaneni nayo.

Kwa mazoezi nunueni hamira dukani. Ni fangasi pia, ukuta wake una beta-glukani na manani, na zimosani, vipande vya ukuta vinavyouzwa kwa maabara, hutengenezwa kutokana nayo.

Mkishazoea, mwombeni fundi wa hospitali awaonyeshe slaidi ya Cryptococcus neoformans, anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa wenye VVU, na ambaye WHO mwaka 2022 ilimweka kundi la juu kabisa la fangasi wa hatari. Kwenye wino wa India utaona kidoa cha mviringo katikati ya duara jeupe pana, na weusi pande zote. Lile jeupe ni gamba lake la ute. Beta-glukani iko chini yake, mbali na mkono wa Dektini-1, na seli ya kinga isiyosaidiwa na komplimenti wala kingamwili humpita kama haimwoni.